Goin' Off ya Biz Markie: albamu ya kwanza iliyoonewa, au ilistahili ilichopata?

#1 SanturiKongwe

Wakuu, salaam.

Hili ninalo rohoni tangu Biz Markie, mchanaji wa hip hop wa New York, afariki Julai 2021. Siku ile kila mtu aliimba "Just a Friend": kinanda kile, sauti ile iliyopinda, basi. Sikumsikia hata mmoja akitaja Goin' Off, albamu yake ya kwanza ya Februari 1988. Ilifika nafasi ya 90 kwenye chati kuu ya Billboard ikaishia hapo. Leo ukiuliza albamu za mwaka ule utatajiwa Public Enemy, EPMD, Slick Rick, Eric B. & Rakim, Boogie Down Productions. Biz anaachwa mlangoni.

Dai langu ni kwamba iliponzwa na ucheshi wake. Mtu anayefungua albamu yake ya kwanza kwa wimbo wa kuchokonoa makamasi hapewi kiti mbele, hata kama biti zote ni za mtayarishaji Marley Marl aliyekuwa kwenye kilele chake. Hip hop ilikuwa imekunja sura, yeye akaja anacheka. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kengele

Mkuu, mbona hueleweki? "Just a Friend" si imo humo humo kwenye hiyo albamu? Sasa imeonewaje wakati ina wimbo uliotikisa dunia?

#3 MzeeWaChati

Hapana, #2. "Just a Friend" imo kwenye albamu ya pili, The Biz Never Sleeps ya 1989. Ndiyo singo iliyofika nafasi ya 9 kwenye Hot 100, chati kuu ya singo ya Billboard, mwaka 1990 na kupata platinamu. Goin' Off ina nyimbo kumi na huo haumo. Watu wengi wanachanganya, na kuchanganya kwenyewe kunampa nguvu mleta uzi.

#4 Kengele

Sawa mzee, nimeelewa. Ahsante.

#5 Mwana_wa_Biti

Napinga hoja ya ucheshi kuanzia kwenye mzizi. Mwezi mmoja tu baada ya Goin' Off, Machi 1988, DJ Jazzy Jeff & The Fresh Prince walitoa He's the DJ, I'm the Rapper. Ile ni vichekesho mwanzo mwisho: kijana analalamika mama kamnunulia nguo za aibu. Ilifika nafasi ya 4, na "Parents Just Don't Understand" ikachukua Grammy ya kwanza kabisa ya rap, Februari 1989. Kabla yao Fat Boys walikuwa na platinamu mwaka 1987 kwa kuchekesha kuhusu unene wao. Sasa ucheshi umemzuiaje Biz wakati wenzake umewapeleka benki?

#6 SanturiKongwe

Hoja nzito #5, lakini angalia ni ucheshi wa aina gani. Fresh Prince anasimulia kisa ambacho mzazi anaweza kukisikiliza sebuleni pamoja na watoto. Biz anaongelea makamasi, anaimba hovyo kwa makusudi, anavuta uso. Ni ucheshi wa mwili, kama wa mtoto anayewachekesha wenzake mwalimu akigeuka ubaoni. Huo redio haukuutaka. Na wale waliotaka hip hop ya mapambano hawakuutaka pia. Alikosa huku na huku.

#7 Mwana_wa_Biti

Kwa hiyo sasa tatizo si ucheshi tena, ni makamasi. Umeanza kusogeza goli mkuu, nakuona.

#8 DjMstaafu

Mnabishana kuhusu maudhui, angalieni kalenda. Goin' Off imetoka Februari 1988. Yo! MTV Raps imeanza Agosti 1988. Jarida la The Source limeanza Agosti hiyo hiyo, tena kama kijarida cha wanafunzi wa Harvard. Chati ya Billboard ya singo za rap imeanza Machi 1989. Yaani alipotoa albamu hapakuwa na kipindi cha taifa cha video za rap, hapakuwa na The Source la kuihakiki, hapakuwa na chati ya singo za rap ya kuonyesha mtaa unapenda nini.

"Just a Friend" ilipotoka mwishoni mwa 1989 vyote vitatu vilikuwepo. Mtu yule yule, vichekesho vile vile, tena huko anaimba vibaya zaidi, na akaingia kumi bora. Kilichobadilika ni njia, Biz hakubadilika.

#9 MzeeWaChati

#8 umenena. Ila nikusahihishe kidogo: hata bila chati ya rap, ilikuwepo chati ya albamu za muziki wa Weusi, na huko Goin' Off ilifika nafasi ya 19. Kwa hiyo waliokuwa karibu na muziki waliisikia. Ni Marekani ile nyingine ndiyo haikuisikia.

#10 KalamuKavu

Samahani kwa kuingilia, naona mnazunguka mbuyu. Biz hakuandika mistari yake. Aliandikiwa na mchanaji mwenzake, Big Daddy Kane. Hip hop ya wakati ule ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa: unachochana kiwe chako. Ndiyo maana heshima haikuja, na ilistahili kutokuja.

#11 NusuKanda

#10, sema nusu. Kane aliandika nyimbo tano za kwanza: "Pickin' Boogers", "Albee Square Mall", "Biz Is Goin' Off", "Return of the Biz Dance" na "Vapors". Yaani upande A wote. Geuza kanda, unaanza "Make the Music with Your Mouth, Biz", ambayo ilitoka kama singo tangu 1986, halafu "Biz Dance", "Nobody Beats the Biz", "This Is Something for the Radio", na unamaliza na DJ wake Cool V akikwaruza santuri.

Mimi nimekua na kanda hii, na nilikuwa naisikiliza upande B mpaka utepe ukalegea. Miaka mingi sikujua suala la Kane. Nilipokuja kujua, nikaelewa kwa nini pande mbili hazifanani. Upande A umepangwa, vina vimekaa, kisa kina mwanzo na mwisho. Upande B ni mtu anacheza. Yule wa upande B ndiye Biz niliyempenda.

#12 Chanikiwiti

Niongeze hapo kwa #11. "Albee Square Mall" inasifia jengo la maduka la Brooklyn, lakini Biz alizaliwa Harlem na kukulia Long Island. Mtu wa Brooklyn ni Kane. Na Kane amesimulia mwenyewe kwamba alikutana na Biz hapo hapo Albee Square, wakapambana kwa mistari, wakawa marafiki. Biz ndiye aliyemwingiza Kane kwa Marley Marl na kundi la Juice Crew. Kwa hiyo mnaposema "aliandikiwa" ni kama vile alinunua kazi dukani. Hawa walikuwa ndugu. Mmoja alikuwa na kalamu, mwingine alikuwa na mlango.

#13 KalamuKavu

Undugu siukatai. Lakini nimewahi kuandikia mtu mistari mimi. Rafiki yangu wa karibu, alikuwa na sauti na umbo la jukwaani, mimi nilikuwa na daftari. Siku anaimba wimbo wangu watu wakapiga kelele, nikasimama nyuma ya ukumbi nikasikia furaha na maumivu kwa pamoja. Hakuwahi kusema jina langu. Hatuongei mpaka leo. Kwa hiyo nikisoma watu wanasema "walikuwa ndugu tu", moyo unakataa.

#14 Chanikiwiti

Pole mkuu, sikujua linakugusa hivyo. Tofauti ni kwamba Biz hakumficha Kane. Jina la Kane limo ndani ya albamu, tena kwenye wimbo bora kuliko yote.

#15 Mama Kanda

Wimbo huo ni "Vapors", na kwangu mimi ndio jibu la uzi mzima, kwa hiyo niacheni niuongelee taratibu.

Mna beti nne, na kila beti ni mtu wa kweli. Ya kwanza ni TJ Swan, kijana aliyekuwa anaimba viitikio vya Biz. Anamtaka binti wa mjini, binti anamdharau kwa sababu ana kazi ya kubeba mizigo. Jina linapotoka, binti yuko kila onyesho. Ya pili ni Kane: mtoto mtundu, majirani wanamwambia mama yake kwamba huyu ataishia jela au kaburini. Anapopata wimbo unaouza, majirani wale wale wanamwomba dola. Ya tatu ni Cool V, binamu wa Biz. Anaomba kazi duka la santuri, tajiri anamwambia hakuna nafasi, anarudi tena na tena, wanamruka kama hayupo. Akishakuwa DJ anaingia duka lile lile, tajiri anamkaribisha na kumpa kazi. Anaikataa. Ya nne ni Biz mwenyewe, kijana anayebembeleza makundi yampokee, analipishwa kiingilio kwenye sherehe, anaomba kipaza sauti kama mtu anayeomba maji.

Sisi tuna msemo wetu, ukiwa nacho hukosi ndugu. Huo ndio wimbo wote. Hauna hata mzaha mmoja wa kulazimisha, lakini unacheka, kwa sababu unawajua hao watu. Kila mmoja wetu ana tajiri wake wa duka la santuri.

Mtu anayesema albamu hii ni ya kichekesho tu hajafika wimbo wa tano.

#16 NusuKanda

Mama Kanda, heshima yako. Beti ya Cool V nimeicheza mara nne sasa hivi baada ya kusoma hapa.

#17 KalamuKavu

Nimesoma #15 mara mbili. Kuna kitu kinanisumbua. Kama Kane aliandika "Vapors", basi aliandika beti inayomhusu yeye mwenyewe, utoto wake, aibu ya mama yake, akampa rafiki yake aiseme. Na hiyo albamu imetoka Februari wakati albamu ya Kane, Long Live the Kane, imetoka Juni mwaka huo huo. Yaani alijitabiria kupitia mdomo wa mtu mwingine kabla dunia haijamjua vizuri.

Lakini beti ya Biz ndiyo inayoniuma zaidi. Humo kuna sehemu Biz anasema alipokataliwa alikaa akaandika mistari yake. Na sehemu hiyo iliandikwa na Kane. Sijui niifanyeje hiyo.

#18 Mama Kanda

Usiifanye kitu, ndugu yangu. Isikilize tu hivyo hivyo.

#19 BintiBitboksi

Habari zenu. Nimefuatilia tangu #1 na naona hakuna aliyegusa chombo chenyewe. Biz alianza kama mpigaji wa ngoma za mdomo, ndiye aliyemsindikiza mchanaji Roxanne Shanté jukwaani kabla hajawa na albamu. Mimi napiga bitboksi mwaka wa sita huu, na "Make the Music with Your Mouth, Biz" ndiyo iliyonifanya nianze.

Watu wanalinganisha na Buffy wa Fat Boys na Doug E. Fresh. Buffy alikuwa wa pumzi, unasikia anahema ndani ya mdundo. Doug E. ni wa kugonga ulimi, safi, makali. Biz yeye anavumisha. Anatoa ngoma kubwa kwa midomo huku koo linaimba chini yake, na vyote viwili vinatoka kwa wakati mmoja. Jaribuni kutamka "B" kwa kupasua midomo bila sauti, huku mnavuma "mmm" bila kukatika. Mtaona pumzi inavyowaishia kabla ya mapigo manane. Yeye alifanya hivyo halafu anachekesha hapo hapo.

Kwa hiyo mkisema hakuandika, sawa. Lakini kuna kuandika kwa kalamu na kuna kuandika kwa mdomo, na upande B wote ni mdomo wake.

#20 Kengele

Nimejaribu hiyo ya "B" na "mmm". Nimeishia mapigo matatu, mtoto wangu kafika matano. Dada #19, unafundisha?

#21 BintiBitboksi

Mtoto mlete, wewe tutaona 😄

#22 Mwana_wa_Biti

Turudi kwenye mada. Mimi nina maelezo mengine na hayahusu ucheshi, wala kalamu, wala televisheni. Albamu ilikuja imechelewa kwa nyimbo zake yenyewe. "Make the Music" ni ya 1986, ilitolewa na lebo ya Prism kabla haijageuka kuwa Cold Chillin'. "Nobody Beats the Biz" ni ya 1987. Mpenzi wa kweli wa Biz alikuwa nazo zote mbili nyumbani kama singo. Akinunua Goin' Off ananunua upya vitu alivyo navyo. Mwaka ule ule Public Enemy wanakuja na kitu kilichopangwa kama sinema, mwanzo hadi mwisho. Albamu ya Biz ilikuwa kapu la vitu vizuri, na kapu halishindani na sinema.

#23 SanturiKongwe

Kapu? "Nobody Beats the Biz" peke yake inatosha kufuta hilo neno. Amechukua kauli ya tangazo la The Wiz, maduka ya elektroniki ya New York ambayo kila mtu pale alikuwa anaisikia kwenye televisheni, akaipindua ikawa jina lake. Chini yake Marley Marl ameweka kipande cha "Fly Like an Eagle" cha Steve Miller Band. TJ Swan anaimba juu. Nani mwingine alikuwa anafanya hivyo mwaka 1987?

#24 Mwana_wa_Biti

Nimesema "kapu la vitu vizuri". Umesoma kapu, ukaruka vitu vizuri.

#25 Mtoa Hoja

Mnataja vipande, mbona hamsemi kesi? Biz alishtakiwa kwa kuchukua kipande cha wimbo wa mtu bila ruhusa, jaji akafungua hukumu kwa amri ya "Usiibe". Ndiyo maana albamu hii ilizikwa. Lebo ziliogopa.

#26 MzeeWaChati

Umechanganya miaka, Mtoa Hoja. Kesi ile hukumu yake ni Desemba 1991, Jaji Kevin Duffy, na ilihusu wimbo kwenye albamu ya tatu, I Need a Haircut, uliotumia "Alone Again (Naturally)" ya Gilbert O'Sullivan. Goin' Off ilikuwa na karibu miaka minne sokoni tayari. Nafasi ya 90 haiwezi kulaumiwa kwa kesi ambayo haijafunguliwa.

#27 Mtoa Hoja

Nakubali kosa la mwaka. Ila angalia kilichofuata. Baada ya hukumu ile kila kipande lazima kilipiwe, na albamu za aina ya Goin' Off, zenye Isaac Hayes hapa, James Brown pale, Steve Miller kule, zikawa haziwezi tena kutengenezwa kwa gharama ile. Na jina la Biz likabaki vichwani kwa mambo mawili, wimbo mmoja na kesi moja. Albamu ya kwanza ikakosa pa kukaa. Kesi haikuishusha kwenye chati mwaka 1988, lakini iliifunika baadaye, na mleta uzi aliuliza kwa nini hakuna aliyeitaja 2021.

#28 DjMstaafu

Hiyo ya #27 imenikaa. Ni maswali mawili kweli: kwa nini haikuuza wakati ule, na kwa nini haitajwi sasa. Tumekuwa tunajibu kama ni moja.

#29 Chanikiwiti

Kwani haitajwi? The Source walipotoa orodha yao ya albamu 100 bora za rap mwaka 1998, Goin' Off ilikuwemo. Snoop Doggy Dogg alirudia "Vapors" kwenye Tha Doggfather, ikatoka kama singo 1997. Yaani mchanaji mkubwa wa Pwani ya Magharibi ya Marekani, katika miaka ya uhasama mkubwa kati ya pwani zile mbili, anachukua wimbo wa New York na kuuimba kama wake. Waliokuwa wanatakiwa kujua walijua. Labda kilio chetu ni cha watu tuliofika tumechelewa.

#30 KalamuKavu

Halafu kuna "The Symphony" ya 1988. Marley Marl anakusanya Juice Crew wimbo mmoja: Masta Ace, Craig G, Kool G Rap, Kane. Biz hayumo, ingawa alikuwa na albamu tayari. Hata nyumbani kwao, walipotaka kuonyesha mistari, hawakumwita. Nasema hivi bila ubaya. Nimeanza uzi huu nikimlaumu na sasa sijui nimlaumu nani.

#31 BintiBitboksi

#30, na mimi naisoma kinyume. Hawakumwita kwa sababu kazi yake haikuwa hiyo. Humwiti mpiga zumari kwenye shindano la ushairi kisha ukasema hajui muziki.

#32 KalamuKavu

Ila zumari hilo lilisoma mashairi upande A mzima, dada.

#33 SanturiKongwe

Nimekaa na majibu yenu siku mbili, nimeicheza albamu mfululizo kwa mpangilio wake. Nakubali kwamba "ucheshi ulimponza" ni jibu fupi mno, #5 alinishinda mapema na nilikataa tu. Hoja ya #8 ya kalenda naiona ina nguvu kuliko zote kwa mwaka 1988. Lakini siachi yote. Nikifika "Pickin' Boogers" bado nasikia mtu aliyejua atachekwa, akaamua acheke kwanza, na nikifika beti ya nne ya "Vapors" nasikia kwa nini.

#34 Mwana_wa_Biti

Beti ya nne kaandika Kane.

#35 Mama Kanda

Kane kaandika. Biz ndiye aliyesimama mlangoni analipa kiingilio. Msituzungushe tena.

#36 NusuKanda

Wakati mnaendelea, kuna mwenye nakala safi ya upande B? Kanda yangu leo imeliwa na mashine, katikati ya "This Is Something for the Radio". Nimeukunjua utepe kwa kalamu, umebaki na mkunjo, sauti ya Biz inazama na kurudi. Cool V wa mwisho bado anasikika vizuri.